Eka ya Hatua Sabini: Somo la Jiometri kwa Kompyuta

Runzewe ni mji mdogo wa njia panda katika Wilaya ya Bukombe. Hadi mwaka 2012 wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka huo imo katika Mkoa wa Geita. Barabara kuu itokayo Kahama kupitia Ushirombo hupita hapo kuelekea Nyakanazi na mpaka wa Rwanda, na nyingine huchepuka kwenda Bwanga. Wakazi wake hulima, hufuga na hufanya biashara, na wengi katika ukanda huo huchimba dhahabu. Mahali penye mambo hayo yote ardhi haikosi kuuzwa, kukodishwa na kugawanywa. Na kila inapobadili mikono hapana budi ipimwe.

Kipimo kinachotumika vijijini kinajulikana karibu Tanzania nzima: eka moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Kipimo hiki si cha kubahatisha. Eka moja ina yadi za mraba 4,840, na hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi moja. Sabini mara sabini ni 4,900. Tofauti ni ndogo. Hata hivyo, kipimo hicho kina sharti moja ambalo kwa kawaida halitajwi. Je, mnunuzi aliyehesabu hatua 70 katika kila upande wa shamba, pande zote nne, amekwisha kupata eka yake?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kutumia programu ya jiometri ya kompyuta. Kwa njia hiyo mwalimu na mwanafunzi wataona jinsi vitu vya kijiometri vinavyoundwa na kutumiwa ndani ya programu za namna hiyo, na mambo ambayo programu hizo haziwezi kumfanyia mtu.

1. Asili ya programu za jiometri

Fikra ya kuchora maumbo juu ya kioo cha kompyuta na kuyapa masharti si ngeni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alieleza programu yake iliyoitwa Sketchpad. Mchoraji aliweza kuiamuru mistari iwe sambamba au iwe na urefu sawa, na kompyuta ikalitii sharti hilo. Katika miaka ya 1980 programu ya Cabri-géomètre ilitengenezwa mjini Grenoble, Ufaransa, na mwaka 1991 ikatolewa The Geometer's Sketchpad nchini Marekani. Hizo mbili zilikusudiwa kufundishia.

Programu inayopatikana kwa urahisi zaidi katika shule zetu ni GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Shule huitumia bila malipo. Hufanya kazi kwenye kompyuta na kwenye simu, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Nchini Kenya imetumika katika kambi za hisabati za wanafunzi wa sekondari zilizoanza Maseno mwaka 2011.

2. Kitu cha kijiometri ndani ya programu

Katika programu, nukta, mstari, duara na poligoni huitwa vitu. Kila kitu kina jina lake, kama vile nukta A au duara c, na kila kimoja kimo katika mojawapo ya aina tatu.

(a) Kitu huru. Nukta iliyowekwa mahali patupu ni huru. Mwanafunzi anaweza kuiburuta popote apendapo.

(b) Kitu nusu huru. Nukta iliyowekwa juu ya duara inaweza kuburutwa, lakini haiwezi kulitoka duara lake. Inazunguka tu, kama ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye mambo.

(c) Kitu tegemezi. Nukta ya makutano ya mistari miwili haiburutwi hata kidogo. Mahali pake pameamuliwa na mistari hiyo. Ikihama mistari, nayo huhama.

Kwa hiyo vitu hivi vina nasaba. Kila kitu tegemezi kina wazazi wake, na programu huikumbuka nasaba hiyo daima. Mzazi akiburutwa, watoto wote humfuata. Mzazi akifutwa, watoto nao hufutika.

Inafaa hapa kukumbusha jambo kuhusu neno duara. Katika machimbo ya ukanda wa Geita mchimbaji asemapo duara huwa na maana ya shimo la kuchimbia dhahabu. Katika jiometri duara ni seti ya nukta zote zilizo katika umbali mmoja kutoka kitovu. Mwalimu wa huko ataanza vyema akizitenganisha maana hizo mbili, kwa sababu maana ya pili ndiyo ufunguo wa somo lote hili: mtu anapotaka nukta iwe hatua 70 kutoka A, anachohitaji ni duara lenye kitovu A.

3. Umbo lililochorwa na umbo lililojengwa

Mwanafunzi anayeanza huweka nukta nne kwa kukadiria kwa macho, akaziunganisha, akasema amechora mraba. Kwenye kioo umbo hilo huonekana mraba kweli. Lakini akiiburuta kona moja tu, pande mbili hurefuka, pembe hupinda, na mraba hutoweka. Sababu ni kwamba hakuiambia programu sharti lolote. Zile ni nukta nne huru zilizosimama kwa bahati katika mkao wa mraba.

Mwanafunzi mwingine huanza na nukta mbili A na B, akasimamisha mistari yenye pembe mraba kwenye A na B, akachora duara lenye kitovu A linalopita B, na duara lenye kitovu B linalopita A, kisha akachukua makutano. Umbo lake likiburutwa hukua, hupungua au hugeuka, lakini hubaki mraba daima. Hili halikuchorwa tu, limejengwa.

Tofauti hii ni ile ile inayosisitizwa katika somo la ujenzi kwa rula na bikari. Karatasi haiwezi kumwumbua mwanafunzi aliyekadiria kwa jicho; programu humwumbua mara moja. Ndiyo maana jaribio la kwanza la kila umbo ni kuliburuta: sifa inayobaki ni ile iliyotokana na masharti, na sifa inayopotea haikuwemo.

4. Somo: kujenga shamba la hatua 70 kila upande

Tuchukue kipimo cha uniti 1 kuwa hatua 10. Upande wa shamba utakuwa uniti 7, na eneo la eka litakuwa uniti za mraba 49. Mwanafunzi afuate hatua hizi:

(i) Aweke nukta huru A, kisha achore kipande cha mstari AB chenye urefu wa 7.

(ii) Achore duara lenye kitovu A na nusukipenyo 7, na juu ya duara hilo aweke nukta D.

(iii) Achore duara lenye kitovu B na nusukipenyo 7, na lingine lenye kitovu D na nusukipenyo 7. Maduara haya hukutana mahali pawili: kwenye A, na kwenye nukta mpya C.

(iv) Aunde poligoni ABCD, kisha ayafiche maduara yote.

(v) Aiombe programu ionyeshe pembe DAB, urefu wa BD, na eneo la poligoni.

Pande zote nne sasa zina urefu wa 7 na haziwezi kubadilika. D ni nusu huru. C ni tegemezi. Mwanafunzi aiburute D polepole na kuandika anachokiona. Atapata matokeo haya, baada ya kuyageuza kuwa hatua:

Pembe A nyuzi 90: BD hatua 99.0, eneo hatua za mraba 4,900
Pembe A nyuzi 75: BD hatua 85.2, eneo hatua za mraba 4,733
Pembe A nyuzi 60: BD hatua 70.0, eneo hatua za mraba 4,244
Pembe A nyuzi 45: BD hatua 53.6, eneo hatua za mraba 3,465
Pembe A nyuzi 30: BD hatua 36.2; eneo hatua za mraba 2,450

Mstari wa mwisho unastahili kutazamwa kwa makini. Shamba lina hatua 70 upande wa kwanza, 70 wa pili, 70 wa tatu na 70 wa nne, lakini ndani yake mna nusu ya eka tu. Mzunguko haukupungua hata hatua moja. Ni eneo lililopungua. Mnunuzi aliyehesabu pande peke yake amelipia eka nzima na kupewa nusu, na inawezekana kwamba hata muuzaji hakujua.

Matokeo hayo yanafundisha jambo la pili. Kutoka nyuzi 90 hadi 75 upungufu ni hatua za mraba 167, ambazo ni kama asilimia 3.4 tu ya eka. Kutoka 75 hadi 60 ni 489. Kutoka 45 hadi 30 ni 1,015. Kwa hiyo kona iliyopinda kidogo si hasara kubwa, lakini kadiri shamba linavyozidi kulala ndivyo kila nyuzi moja inavyozidi kula ardhi. Katika karatasi ulalo wa namna hiyo huonekana wazi. Porini, penye miti, vichuguu na mahindi marefu, mtu aliyesimama kwenye kona moja haioni kona ya pili.

5. Pembetatu haiyumbi

Kwa nini umbo la pande nne huyumba? Mwanafunzi ajaribu kujenga pembetatu yenye pande 7, 7 na 7 kwa njia ile ile. Ataweka A na B, atachora maduara mawili, na nukta ya tatu itapatikana kwenye makutano. Hakuna nukta iliyobaki nusu huru. Pembetatu nzima inaweza kuhamishwa au kuzungushwa, lakini umbo lake halibadiliki.

Hii ndiyo maana ya kanuni ya pembetatu zinazolingana kwa pande tatu: pande zikijulikana, umbo na eneo vimekwisha kuamuliwa. Fundi seremala anaijua kanuni hii kwa mikono. Kenchi za paa hugawanywa katika pembetatu, na mlango wa mbao hupigwa ubao wa kukingama kutoka kona hadi kona ili usilale.

Kwa shamba la pande nne, ubao huo wa kukingama ni mshazari, yaani mstari unaounganisha kona mbili zisizopakana. Mshazari ukipimwa, shamba hugeuka kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haziyumbi. Hivyo jibu la swali la mwanzo ni hili: hatua 70 nne hazitoshi, zinahitaji kipimo cha tano. Kwa kanuni ya Pythagoras mshazari wa mraba wenye upande wa 70 ni kipeuo cha pili cha 9,800, yaani karibu hatua 99. Pande nne zikiwa 70 na mshazari mmoja ukiwa 99, shamba ni eka. Mshazari ukiwa 36 au 135, ni nusu eka.

6. Shamba lisilo na pande sawa

Mashamba mengi hayana pande sawa. Tuchukue mfano wa shamba ABCD ambalo AB ni hatua 80, BC ni 60, CD ni 70 na DA ni 50. Watu wengine huchukua wastani wa pande zinazokabiliana na kuzidisha: wastani wa 80 na 70 ni 75, wa 60 na 50 ni 55, jibu ni 4,125. Kanuni hii ni ya kale sana. Imechongwa katika kuta za hekalu la Edfu nchini Misri, katika maandishi ya mashamba yaliyotolewa kwa hekalu.

Mwanafunzi alijenge shamba hilo kwa maduara, safari hii akianza na mshazari AC. Mshazari ukiwa hatua 100, pembetatu ABC ina pande 60, 80 na 100, nayo ni pembetatu mraba yenye eneo la 2,400. Pembetatu ACD yenye pande 100, 70 na 50 hupatikana kwa kanuni ya Heron wa Alexandria: nusu ya mzunguko ni 110, na eneo ni kipeuo cha pili cha 110 × 10 × 40 × 60, yaani karibu 1,625. Jumla ni 4,025. Mshazari ukiwa 110, pande zikiwa zile zile, jumla hushuka hadi 3,639.

Kwa hiyo kanuni ya wastani imezidisha mara zote mbili. Je, imetokea kwa bahati, au ndivyo ilivyo daima?

7. Kuburuta si kuthibitisha

Hapa ndipo penye hatari ya programu hizi. Mwanafunzi akiburuta kwa dakika tano na kuona sifa haivunjiki, huona amekwisha kuthibitisha. La hasha. Ameona mifano mingi tu, na mifano ikiwa mingi kiasi gani haifikii wote. Isitoshe, kioo huonyesha tarakimu chache baada ya nukta, kinachoandikwa 7.00 chaweza kuwa 7.004. Kuburuta hutoa dhana na huangusha dhana potofu. Kuithibitisha dhana iliyobaki ni kazi ya hoja.

Uthibitisho wa kwanza. Shamba lenye pande zote 70 ni msambamba, kwa hiyo eneo lake ni kitako mara kimo. Kutoka D ishushwe DE, iliyo wima juu ya mstari AB. Eneo ni 70 × DE. Katika pembetatu ADE pembe E ni pembe mraba, hivyo AD ndio upande mrefu kuliko yote, na DE ni pungufu ya 70. Haipungui pale tu E inapoangukia A, yaani pembe A inapokuwa mraba. Kwa hiyo eneo halizidi 4,900 kamwe, na huifikia pale tu shamba linapokuwa mraba.

Uthibitisho wa pili. Pande za shamba la pande nne, lisilo na kona iliyoingia ndani, ziwe a, b, c, d kwa mfuatano. Eneo la pembetatu halizidi nusu ya zao la pande zake mbili zozote. Likigawanywa kwa mshazari mmoja, eneo la shamba halizidi nusu ya (ab + cd). Likigawanywa kwa mshazari wa pili, halizidi nusu ya (bc + da). Zikijumlishwa, mara mbili ya eneo haizidi nusu ya (ab + bc + cd + da), ambayo ni nusu ya (a + c)(b + d). Kwa hiyo eneo halizidi robo ya (a + c)(b + d), na hiyo ndiyo kanuni ya wastani yenyewe.

Basi kanuni ya wastani haimpunji muuzaji hata mara moja. Huwa sahihi pale pembe zote zinapokuwa mraba, na kwingine kote huzidisha. Mizani inayokosea upande mmoja tu daima haiwezi kuitwa ya haki, hata kama aishikaye ni mwaminifu.

8. Darasa lenye kompyuta moja, au lisilo nayo

Darasa lenye kompyuta moja au simu moja laweza kulifanya somo hili vizuri. Mwanafunzi mmoja aburute, wengine wabashiri eneo kabla halijaonyeshwa, kisha walinganishe. Kubashiri kwanza ndiko kunakofundisha.

Pasipo na kifaa chochote, vijiti vinne vyenye sentimeta 35, vikifungwa kwa misumari kwenye ncha ili viweze kujikunja, vinatosha. Sentimeta moja ni hatua 2. Vijiti viwekwe juu ya karatasi ya miraba, visukumwe, na miraba iliyo ndani ihesabiwe. Kisha kijiti cha tano kipigiliwe kutoka kona hadi kona, na wanafunzi wajaribu kulisukuma umbo tena. Baada ya hapo darasa litoke nje na kamba lipime uwanja wa shule, pande na mshazari. Mtihanini mwanafunzi atabaki na rula, bikari na kalamu. Aliyeelewa masharti ya umbo hatapungukiwa.

9. Mazoezi

1. Shamba lina pande nne za hatua 70 kila mmoja, na mshazari BD una hatua 84. Tafuta mshazari wa pili na eneo, kisha lijenge katika programu kuhakikisha jibu.

2. Chora pembenne yoyote, weka nukta za katikati ya kila upande, na uziunganishe kwa mfuatano. Buruta kona za pembenne. Umbo la ndani ni la aina gani? Eneo lake ni sehemu gani ya eneo la nje? Thibitisha kwa kutumia mishazari.

3. Katika shamba la pande 80, 60, 70 na 50 badilisha urefu wa AC kutoka 80 hadi 110. Eneo ni kubwa kuliko yote AC ikiwa karibu hatua ngapi? Chora duara linalopita A, B na C; nukta D iko wapi wakati huo?

Majibu: (1) hatua 112, eneo 4,704. (2) Msambamba, nusu. (3) Karibu hatua 92, eneo likiwa karibu 4,099. D huwa juu ya duara hilo.

10. Hitimisho

Kitu cha kijiometri, kiwe katika kioo, katika karatasi au ardhini, hubeba masharti kiliyopewa na si zaidi. Jibu la zoezi la tatu linaonyesha hata eneo kubwa kabisa linalowezekana halifikii 4,125 ya kanuni ya wastani. Mipaka yenye nguvu ya sheria huwekwa na mpima ardhi, ambaye huandika mahali pa kila kona kwa namba, kama programu inavyoandika mahali pa kila nukta. Namba hizo huamua mishazari pamoja na pande. Lakini kabla mpima hajafika, mkulima na mwanawe wa sekondari wanaweza kujikinga wenyewe. Wakishahesabu sabini mara nne, wakate shamba kutoka kona hadi kona wakihesabu hatua, na waangalie kama watafika tisini na tisa.